Jinsi ya kuchuja habari za mlipuko ukiwa Kigoma, mpaka ukifungwa na shule zikifungwa

Sauti ya namna hii huingia usiku. Sekunde arobaini hivi, mtu anahema, nyuma yake injini ya boti inanguruma: "Jamani ndugu zangu wa Kigoma, Uvira watu wanakwisha, boti zimeshusha maiti Kibirizi, tunafichwa, msitoke ndani, mtumie kila unayempenda." Kufika saa tatu imeshazunguka kundi la ukoo, la kwaya, la vikoba na la wazazi wa shule. Asubuhi limau zimepanda bei sokoni Mwanga, na mama mwenye mtoto mwenye homa anaamua kutompeleka zahanati kwa sababu "huko ndiko kwenye ugonjwa".

Huyo mtoto ndiye anayetufanya tuandike. Huenda ana malaria, na malaria haisubiri mpaka sauti zitulie.

Tuwekane sawa mapema: kuchuja habari si kukana ugonjwa. Mkoa wetu uko mpakani, Burundi iko kaskazini, Kongo, uliko mji wa Uvira, iko ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na milipuko imewahi kutufikia kweli. Anayesema "tumekwisha" na anayesema "hakuna kitu, ni ya Wazungu hiyo" wana kasoro ile ile: hawana namba, hawana mahali, hawana tarehe. Wadai wote wawili hayo matatu.

Maswali manne ya kuuliza kila habari

Idadi ya nini? Kati ya wangapi? Wapi? Lini?

Swali la kwanza ndilo linalowaangusha wengi. Taarifa ya mlipuko huwa na makapu kadhaa. Kuna anayeshukiwa: ana dalili, hajapimwa. Kuna anayehesabiwa kuwa huenda alikuwa mgonjwa: hakuwahi kupimwa, labda alishazikwa, lakini alikuwa karibu na mgonjwa na dalili zililingana. Kuna aliyethibitishwa na maabara. Kuna aliyekutana na mgonjwa, ambaye haumwi chochote bali anafuatiliwa tu. Na kuna waliofariki. Mtu akimwaga kapu la wanaofuatiliwa ndani ya kapu la wagonjwa, watu mia mbili wazima wanageuka wagonjwa mia mbili kabla ya chakula cha mchana. Ebola ya mashariki mwa Kongo, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020, ilihesabiwa kuwa na wagonjwa 3,470. Kati yao 3,317 walithibitishwa, na 153 ni wale wa kapu la "huenda". Vifo vilikuwa 2,287. Ulikuwa msiba mkubwa, uliodumu karibu miaka miwili, katika nchi tunayopakana nayo kwa maji. Na kwa muda wote huo Tanzania haikutangaza mgonjwa hata mmoja aliyethibitishwa. Mambo hayo mawili ni kweli kwa pamoja, na mtu anayekupa moja tu anakupunja.

Swali la pili, "kati ya wangapi", tulifanyie hesabu kwa jambo lililotokea hapa hapa. Mei 2015 kijiji cha Kagunga, ambacho wakati ule kutoka mjini ulikifikia kwa ziwa, kilipokea makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Burundi ndani ya wiki chache. Ufukwe mwembamba, mlima nyuma, vyoo hakuna, maji ya kunywa ni yale yale ya ziwa. Kipindupindu kikalipuka. Kufikia wiki ya tatu ya mwezi ule wagonjwa walikuwa kama 3,000 na vifo 31, yaani wakimbizi 29 na Watanzania 2.

"Kipindupindu chakumba watu elfu tatu Kigoma" ni kichwa cha habari cha kweli, na kinatosha kumfanya mtu wa Kasulu asilale. Sasa chukua simu, fungua kikokotoo: 31 gawanya kwa 3,000, zidisha kwa 100. Inakuja 1 na kidogo. Katika kila wagonjwa mia, tisini na tisa hivi walipona, tena katika mazingira mabaya kiasi kile. Waliponaje? Kwa maji ya chumvichumvi na dripu, basi. Kipindupindu kikali kisichotibiwa kinaweza kuua hata nusu ya waliougua, na kinaweza kumaliza mtu ndani ya saa chache. Kwa hiyo namba ile ile ikisomwa vizuri inakwambia cha kuogopa, ambacho ni kuchelewa kupata maji mwilini. Inakwambia pia nani alikuwa hatarini: waliokunywa maji ya ziwa bila kuyatibu. Mtu wa Kibondo aliyekuwa akichemsha maji yake hakuwa kwenye kundi hilo.

Upande wa pili wa hesabu hii ni asilimia isiyo na idadi. Marburg iliyotangazwa Kagera tarehe 21 Machi 2023 iliua theluthi mbili ya walioipata. Ukiambiwa hivyo tu, unafunga mizigo. Idadi kamili ilikuwa wagonjwa 9, vifo 6, na mlipuko ukatangazwa kwisha tarehe 2 Juni mwaka huo huo, katika mkoa wenye watu karibu milioni tatu. Kwa aliyeupata, ugonjwa ulikuwa mkali mno. Kwa mkazi wa Kakonko ambaye hakuwa amemuuguza mgonjwa yeyote wala kuosha maiti yake, nafasi ya kuupata ilikuwa ndogo sana. Ukali wa ugonjwa na uwezekano wa kuupata ni vitu viwili, na sauti za usiku huvichanganya kila mara. "Umeongezeka maradufu" nayo idai namba: kutoka mmoja kwenda wawili ni maradufu.

"Wapi" na "lini" tutazikuta kwenye video.

Daftari la namba

Chukua daftari la mtoto la kurasa 40, upige mistari: tarehe, mahali, wagonjwa wapya, vifo vipya, nani kasema. Jaza mara moja kwa siku, saa ile ile, kutoka chanzo kimoja kinachotaja jina na cheo: Wizara ya Afya, mganga mkuu wa mkoa au wa wilaya. Usijaze kilichosikika kijiweni.

Andika wapya, si jumla. Jumla haishuki hata siku moja. Hata mlipuko ukiwa unakufa, jumla itabaki juu na itaendelea kutangazwa kwa sauti kubwa. Ukiambiwa jumla tu, toa ya jana utapata wapya wa leo.

Tuseme, kwa mfano wa kujifunzia, wiki ya kwanza umeandika 4, 0, 0, 11, 3, 2, 1. Ile siku ya 11 mtaa mzima ulitetemeka. Wiki ya pili umeandika 2, 5, 0, 0, 9, 1, 4. Jumlisha kila wiki: 21 na 21. Gawanya kwa 7: wagonjwa watatu kwa siku, wiki zote mbili. Ugonjwa haukimbii, wala haujarudi nyuma. Ile 11 ilitoka wapi? Sampuli husafirishwa na kukusanywa, maabara ikikaa siku mbili bila kutoa majibu, siku ya tatu yanatoka yote kwa mkupuo. Sifuri za kabla yake ndizo zilizokopeshwa. Kwa hiyo usihukumu kwa siku moja, linganisha wiki na wiki.

Vifo huchelewa nyuma ya wagonjwa. Kwa korona mtu aliyezidiwa aliweza kukaa wiki mbili au tatu kabla ya kufariki. Ndiyo maana wagonjwa wapya wanaweza kuwa wanapungua huku vifo vikipanda, na hapo hakuna aliyedanganya.

Sauti, picha na video

Ukiona mishale miwili juu ya ujumbe wa WhatsApp, ujue umeshapita mikono mingi na aliyekutumia hajui ulikoanzia. Hilo pekee halifanyi ujumbe kuwa uongo, ila linakupa haki ya kutousambaza.

Sikiliza lugha. Video nyingi zinazoitwa za Kigoma ni za ng'ambo, na masikio ya mtu wa Ujiji hayashindwi kulitambua hilo: ukisikia "batu" badala ya "watu", hapo ni Kongo. Hata kama ni ya kweli, swali linabaki: ni ya leo au ya 2019? Angalia namba za magari, za magari yetu ya watu binafsi huanza na T. Angalia maandishi ukutani: yakiwa ya Kifaransa, hapo si hospitali yetu ya Maweni. Angalia hali ya hewa: ukiona matope na mvua inanyesha wakati Kigoma ni Julai na vumbi limetanda, hiyo klipu ni ya zamani au ya kwingine. Kwa picha, ipige skrini, uitafute kwa Google Lens uone ilianza kuonekana mwaka gani. Inachukua dakika mbili na bando dogo.

Kwa sauti ambayo haina picha, tafuta vitu vitatu: jina la msemaji, jina la kituo cha afya, tarehe. "Daktari mmoja rafiki yangu" si jina. Kisha mpigie simu mtu mmoja aliye mahali panapotajwa. Ikisemwa Kibirizi, lazima una ndugu, jirani au mteja anayeshinda pale bandarini. Muulize alichoona kwa macho yake, si alichosikia. Hujampata? Piga 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya.

Na kabla hujabonyeza kutuma, kumbuka Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015: kifungu cha 16 kinamgusa anayechapisha habari za uongo kwa nia ya kupotosha, na adhabu yake haianzii chini ya shilingi milioni tano au kifungo cha miaka mitatu, au vyote viwili.

Namba zisipotolewa

Hapa panahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu ukimya huzaa uvumi kuliko kitu kingine chochote. Mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa nchini tarehe 16 Machi 2020, kesho yake shule zikaamriwa kufungwa. Mwanzoni mwa Mei hesabu ya taifa ilikuwa imefikia wagonjwa 509 na vifo 21, kisha takwimu zikakoma kwa muda mrefu. Kidato cha sita na vyuo walirudi tarehe 1 Juni, shule nyingine tarehe 29. Katikati ya hapo watu walibaki na masikio tu.

Ukimya si ushahidi wa maelfu waliofichwa, na si ushahidi wa usalama. Ukikosa namba za taifa, tazama za karibu. Muulize mhudumu wa afya ngazi ya jamii kama wagonjwa wa kifua au wa kuharisha wameongezeka kuliko mwezi uliopita. Hesabu mazishi ya mtaa wako kwa majina, ulinganishe na miezi mingine. Kwa majina, tunasisitiza: kifo cha mzee mmoja hutangazwa kundi la ukoo, la msikiti, la wafanyakazi wenzake, la wanafunzi aliosoma nao, na mtu aliye kwenye makundi yote manne hulala akiamini wamekufa wanne.

Huku ukisubiri, fanya yale yasiyokugharimu kitu hata kama hofu ilikuwa ya bure: kunawa kwa sabuni, kufungua madirisha, kumpa anayekohoa chumba chake au upande wake, kuchemsha maji ya kunywa, kutomgusa maiti mpaka wahusika waseme.

Homa ikija wakati kila mtu anasema ni "ule ugonjwa"

Utafiti wa malaria wa 2017 ulikuta watoto 24 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano mkoani Kigoma wana vimelea, juu kuliko mkoa mwingine wowote. Ule wa 2022 ukakuta Tabora ndiyo inayoongoza kwa 23. Kwa hiyo homa katika mikoa hii miwili, mlipuko uwepo usiwepo, ni sababu ya kupima malaria ndani ya saa 24. Weka kipimajoto kwapani, ukikaze mpaka kilie, uandike: nyuzi na saa. Kisha nenda. Ukifika, sema ukweli wote: ulivuka mpaka lini, ulimuuguza nani, ulihudhuria mazishi gani. Wanaoficha safari ndio wanaowaweka wauguzi hatarini.

Kukimbia hospitali kuna gharama yake. Ebola ya Afrika Magharibi ya 2014 hadi 2016 iliua zaidi ya watu 11,000. Watafiti walipokadiria vifo vya ziada vya malaria, Ukimwi na kifua kikuu katika nchi tatu zilizoathirika zaidi, kwa sababu huduma zilivurugika na watu wakaacha kwenda kutibiwa, walipata idadi inayokaribia hiyo hiyo. Chanjo ya mtoto, kliniki ya mjamzito na dawa za kila mwezi haviahirishwi kwa ajili ya sauti ya WhatsApp.

Chakula bila kugombania

Hofu ikipanda watu hununua magunia. Hesabu kwanza. Mtu mmoja kwa siku: unga gramu 400, maharage 60, mafuta mililita 25, chumvi gramu 5. Nyumba ya watu sita kwa siku 14 ni unga kilo 34, maharage kilo 5, mafuta lita 2 na kidogo, chumvi nusu kilo. Ongeza dagaa wakavu, sabuni ya mche, mkaa, na pakiti kadhaa za chumvichumvi. Zikikosekana pakiti, lita moja ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Chumvi ikizidi inamdhuru mtoto, kwa hiyo onja: isizidi chumvi ya machozi.

Zaidi ya hapo unatupa fedha. Unga wa muhogo ukivuta unyevu wa masika unaota ukungu, dagaa wasiokauka vizuri huingia wadudu. Na kilo 100 ulizozifungia ndani ndizo zinazompandishia bei jirani anayenunua kibaba kwa kibaba.

Faraja nazo zichujwe

Kujifukiza kunaweza kufungua pua iliyoziba. Hakuui virusi vilivyo mwilini, na sufuria ya maji yanayochemka chini ya blanketi imewaunguza watu. Mtoto asiingizwe kabisa. Jik ya asilimia 3.5 hunyunyizwa mahali palipotapikiwa kwa kuchanganya sehemu moja na maji sehemu sita, ichanganywe upya kila siku kwa sababu nguvu yake hupungua. Harufu kali haiongezi kinga. Hainywewi, wala haichanganywi na ndimu, siki au dawa nyingine ya choo, kwa kuwa hutoa gesi inayochoma mapafu. Kwa mikono, sabuni inatosha.

Nyumbani na kwenye makundi

Pokea habari mara mbili kwa siku: asubuhi dakika kumi, na taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Baada ya hapo simu ilale sebuleni. Kwenye mipangilio ya WhatsApp zima upakuaji wa video wa moja kwa moja, maana picha ya maiti ikishafunguka mbele ya mtoto huwezi kuifunga tena kichwani mwake. Moyo ukienda mbio na pumzi kuwa fupi mara tu baada ya kusikiliza sauti, kaa, pumua taratibu, subiri robo saa uone. Ikitulia ilikuwa hofu. Isipotulia, au ukiwa na homa, nenda kapime.

Aliyetuma uvumi usimuaibishe kundini, hasa akiwa mkubwa wako. Mwandikie pembeni: "Shikamoo shangazi. Ile sauti ya Kibirizi nimeulizia, kuna mtu wetu yuko pale tangu alfajiri, hajaona maiti wala askari wa ziada. Haina tarehe wala jina. Naomba uwaambie wenzetu wasiisambaze. Mtoto wa kaka anaendeleaje na homa, ameshapimwa?" Akisahihisha mwenyewe, wazee wenzake watamsikia kuliko watakavyokusikia wewe.

Ukiambiwa siku 21

Namba hii haikuokotwa. Ebola na Marburg huchukua siku 2 hadi 21 tangu kuambukizwa mpaka dalili, hivyo aliyekaa 21 bila kuumwa ametoka salama. Kipindupindu ni saa chache hadi siku 5, korona siku 1 hadi 14. Kwa hiyo mtu akikwambia atafungiwa siku 21 kwa ajili ya kipindupindu, muulize nani kasema.

Amri ya kukaa ndani yaweza kuongezwa. Uganda, wilaya za Mubende na Kassanda zilifungwa tarehe 15 Oktoba 2022 kwa siku 21, zikaongezwa mara mbili, zikafunguliwa tarehe 17 Desemba. Jipange kwa 21 ukijua inaweza kujirudia, na ikijirudia usisome kwamba mambo yameharibika: mgonjwa mmoja mpya anatosha kuanzisha hesabu upya. Mlipuko wa Ebola au Marburg hutangazwa kwisha baada ya siku 42, yaani 21 mara mbili, tangu mgonjwa wa mwisho apone kwa vipimo au azikwe. Ianze hesabu hiyo kwenye daftari kwa penseli, ili uweze kufuta.

Kufunguliwa kwa mpaka ni uamuzi mwingine, unaweza kutangulia au kuchelewa. Wewe unayepeleka mzigo Burundi kupitia Manyovu, ulizia uhamiaji na forodha siku moja kabla ya kupakia: kama watu wanapita, kama mizigo inapita, kama cheti cha kipimo kinadaiwa na kinadumu saa ngapi, na kama upande wa pili nao wamefungua.